Gari Likipita Ukaguzi Bila Chujio la Masizi

Tumfikirie mfanyabiashara wa nafaka wa Gehandu ambaye, baada ya misimu miwili ya mavuno mema, ameuza mahindi yake na ng'ombe kadhaa, akaagiza kutoka Japani gari la dizeli lililotumika. Gari limeshuka bandarini Dar es Salaam, limepandishwa hadi Babati, na sasa linafanya kazi kati ya wilaya za Mbulu na Hanang: leo limebeba magunia kwenda mnadani, kesho limembeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Haydom, keshokutwa limewapeleka watoto shuleni. Baada ya miezi minane taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye dashibodi. Gari linakosa nguvu mlimani na linakunywa mafuta kuliko zamani. Fundi analichomeka kwenye kompyuta yake, anasoma, kisha anatoa hukumu ambayo wenye magari ya namna hii wameisikia mara nyingi: chujio la moshi limeziba, jipya ni ghali mno, dawa yake ni kulitoa.

Mfanyabiashara ana swali moja tu, nalo ni la haki: je, nikilitoa, gari litapita ukaguzi? Fundi anamjibu kwamba litapita, na fundi hasemi uongo. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo ni la kweli, na kwa nini halimwambii mwenye gari jambo alilopaswa kuambiwa kwanza.

Kifaa chenyewe

Injini ya dizeli huunguza mafuta kwa kuyanyunyiza ndani ya hewa iliyogandamizwa mpaka ikawa ya moto mkali. Mafuta hayachanganyiki na hewa kwa usawa. Mahali ambapo mafuta ni mengi na oksijeni ni chache, kaboni hubaki bila kuungua na kuwa masizi. Masizi hayo ndugu yake ni yale yanayotanda darini mwa jiko la kuni, isipokuwa kwamba chembe zake ni ndogo zaidi. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita hamsini hadi sabini hivi. Chembe nyingi za moshi wa dizeli hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya mikromita moja.

Chujio la masizi hukaa katika bomba la ekzosi, mara nyingi karibu na injini, ndani ya kopo la chuma. Ndani ya kopo mna tofali la kauri lililotobolewa mifereji myembamba mingi, kama sega la nyuki. Ufundi wake uko katika jambo moja: mfereji ulio wazi upande wa injini umezibwa upande wa nyuma, na jirani yake umezibwa upande wa injini na kuachwa wazi nyuma. Moshi ukishaingia hauna njia ya kutokea ila kupenya katika kuta za kauri zenye vinyweleo. Hewa hupita, masizi hunaswa. Chujio zima hukamata zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa chembe hizo. Miongoni mwa magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na kifaa hiki kama sehemu yake ya kawaida lilikuwamo Peugeot 607, mwaka 2000. Ulaya ilipoweka viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2009 kwa aina mpya za magari, kikawa kifaa ambacho gari la dizeli haliwezi kukikosa.

Japani ilifika huko kwa njia yake. Gavana wa Tokyo wa wakati huo, Ishihara Shintaro, alikuwa akijitokeza mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi ili wananchi waone wanachokivuta. Tangu tarehe 1 Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ilizuia magari ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi yasipite katika barabara zake, na wenye malori ya zamani wakatakiwa ama kufunga machujio ama kuyaondoa malori hayo. Tunalitaja hili kwa sababu magari mengi ya kwetu hutoka huko huko. Kifaa anachoambiwa mfanyabiashara wetu akikate ndicho ambacho mji ule ulikilazimisha kwa sheria.

Kwa nini huziba

Chujio lisilomwagwa lazima lijae, na watengenezaji walilijua hilo. Kwa hiyo gari hujisafisha lenyewe. Likienda kwa mwendo mzuri kwa muda wa kutosha, ekzosi hupata joto na masizi huungua taratibu. Hilo lisipotosha, kompyuta ya injini, ikiona kwa sensa za mgandamizo kwamba kuta zimeanza kuziba, hunyunyiza mafuta ya ziada ili joto ndani ya chujio lifike karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi yakaungua yote kwa dakika kumi hadi ishirini. Dereva huenda asijue kitu, pengine atasikia tu harufu ya joto na kuona injini ikinguruma juu kidogo akiwa amesimama.

Tatizo huanza pale ambapo dakika hizo ishirini hazipatikani. Gari linalotoka nyumbani kwenda dukani, likazimwa, likatoka dukani kwenda kanisani, likazimwa tena, hukatizwa kila linapoanza kujisafisha. Mafuta ya ziada yaliyonyunyizwa hushuka na kuchanganyika na oili; ukipima kwa kijiti, oili imeongezeka badala ya kupungua, na oili iliyochanganyika na dizeli hula vyuma vya injini. Watu wengi wa nyanda za juu hudhani kwamba milima yetu ndiyo inayoua machujio. Sivyo. Gari lenye mzigo linalopanda mteremko mrefu hutoa ekzosi ya moto, na moto ndio rafiki wa chujio. Kinacholiua ni safari fupi, kuacha injini inguruma kwa saa nzima mnadani huku watu wakipakia, na mwendo wa kinyonga katika barabara iliyoharibiwa na mvua.

Sababu ya pili ni mafuta. Salfa iliyomo katika dizeli huharibu madini yanayosaidia masizi kuungua, na yenyewe huongeza chembe katika moshi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni katika dizeli. Hiyo ni hatua kubwa ukilinganisha na sehemu 500 za kabla yake, ingawa magari ya Ulaya na Japani ya miaka ya karibuni yalitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10. Chujio linaweza kuishi na sehemu 50. Ambacho haliwezi kuishi nacho kwa muda mrefu ni dizeli ya kwenye madumu isiyojulikana imepitia mikono ya nani. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ndio uliowafanya EWURA waanzishe utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Ya tatu, ambayo hutajwa mara chache, ni oili. Masizi huungua yakaisha, lakini viungo vya oili vikiungua huacha majivu, na majivu hayaungui tena. Oili ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya malori ya zamani ina viungo hivyo kwa wingi. Gari lenye chujio linahitaji oili ya majivu machache. Kwa magari madogo ya Kijapani alama yake ni DL-1, kwa yale ya Ulaya ni C2 au C3, kwa kadiri kitabu cha gari kinavyoelekeza. Aliyeweka oili isiyo yake kwa miaka mitatu amelijaza chujio majivu, kisha anailaumu kampuni ya gari.

Kinachofanyika gereji

Kutoa chujio si kufungua boliti na kuweka kando. Kopo hukatwa, tofali la kauri huvunjwa na kukung'utwa nje, kisha kopo tupu huunganishwa kwa kuchomelewa na kurudishwa mahali pake. Ukiinama chini ya gari utaona kopo, na utaamini kuna chujio. Baada ya hapo programu ya kompyuta ya injini hubadilishwa ili isiulizie tena habari za chujio, na taa ya dashibodi haitawaka. Gari hupata nguvu zake, maana kizuizi kimeondoka. Mwenye gari anafurahi, na kwa wiki kadhaa anaona fundi ni mganga.

Mambo mawili hupotea bila kutajwa. La kwanza, katika magari mengi ndani ya kopo hilo hilo, au lile linalopakana nalo, mna kichocheo kinachogeuza kaboni monoksaidi na mvuke wa mafuta yasiyoungua kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Nacho mara nyingi huondoka pamoja na chujio. La pili ni mshono wenyewe. Ekzosi hutikisika katika barabara za mawe. Mshono uliochomelewa kwa haraka hupasuka, na gesi huanza kuvujia chini ya sakafu ya gari. Katika baridi ya Mbulu na Hanang abiria hufunga vioo. Mgonjwa aliyelazwa kwenye kiti cha nyuma kwa safari ya saa mbili huvuta kinachopenya sakafuni. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito wa abiria ndani ya gari visichukuliwe kuwa uchovu wa safari. Fungueni vioo, simamisheni gari, na ekzosi ikaguliwe kabla ya safari nyingine.

Tofali lililovunjwa nalo lina mahali linapokwenda. Unga mweusi na wa kijivu unaotoka humo ni masizi makavu pamoja na majivu yenye oksidi za metali, na kijana wa gereji anayelipuliza kwa hewa ya kompresa bila barakoa anavuta kwa nusu saa masizi ya maelfu ya kilomita. Mara nyingi yeye ndiye mdogo kuliko wote pale gereji, na haulizwi.

Chembe ndani ya mwili

Vumbi la barabara ya Gehandu linaonekana na linakera, lakini sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni, nasi hulitema. Chembe za dizeli ni ndogo kiasi kwamba hufuata hewa hadi mwisho wa safari yake, kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambamo oksijeni huingia katika damu. Hapo hakuna utelezi wa kuzisukuma nje. Seli za ulinzi huzimeza, zikashindwa kuzisaga, na uvimbe mdogo wa kudumu ukaanza. Juu ya kila chembe ya kaboni kumegandia kemikali nyingine za moshi, zikiwemo zile zinazosababisha saratani. Chembe ni gari, kemikali ni abiria.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliupanga moshi wa dizeli mwaka 1988 miongoni mwa vitu ambavyo huenda husababisha saratani. Juni 2012 liliupandisha hadi kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umetosha, kundi lile lile la moshi wa sigara. Miongoni mwa ushahidi uliopimwa ni uchunguzi wa wafanyakazi 12,315 wa migodi minane nchini Marekani iliyotumia mitambo ya dizeli chini ya ardhi; kadiri mtu alivyovuta moshi huo kwa wingi zaidi, ndivyo uwezekano wake wa kufa kwa saratani ya mapafu ulivyoongezeka.

Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida wa barabarani, moyo na mishipa ya damu vina habari ya karibu zaidi kuliko saratani. Na hapa kuna jaribio ambalo msomaji mwenye gari la dizeli anapaswa kulijua kuliko takwimu nyingine yoyote, kwa sababu lilipima chujio lenyewe. Watafiti wa Edinburgh na Umeå nchini Sweden waliwaweka vijana 19 wenye afya katika chumba maalumu kwa siku tofauti: siku moja walivuta hewa safi, siku nyingine moshi wa dizeli uliozimuliwa, na siku nyingine moshi wa injini ile ile uliopitishwa kwanza katika chujio. Vijana hawakuambiwa wanavuta nini. Bila chujio, chumba kilikuwa na mikrogramu 320 hivi za chembe kwa kila mita ya ujazo. Kwa chujio, zilibaki karibu 7. Baada ya kuvuta moshi usiochujwa, mishipa yao ya damu ilishindwa kutanuka inavyopasa na damu yao iliganda kwa wepesi zaidi. Moshi uliochujwa haukuleta madhara hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Gesi zilikuwapo siku zote mbili. Kilichotofautisha ni chembe, yaani kile ambacho tofali la kauri hukikamata.

Mishipa inayoshindwa kutanuka na damu inayoganda upesi ndiyo njia ya kuelekea shambulio la moyo na kiharusi. Kijana wa miaka ishirini hupona. Mzee mwenye shinikizo la damu, ambaye hajui kuwa nalo kwa sababu hajawahi kupimwa, anasimama kando ya gari lile lile mnadani. Mtoto mwenye pumu anatembea nyuma yake kwenda shule. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe ndogo kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, kwa sababu madhara yalikuwa yakionekana hata chini ya kiwango cha zamani.

Mkaguzi anaona nini

Turudi kwenye swali la mfanyabiashara. Gari linaloingia Tanzania hupitia ukaguzi wa ubora chini ya Shirika la Viwango. Likiwa barabarani, hukaguliwa na askari wa usalama barabarani, na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama hubandikwa stika. Mkaguzi hutazama breki, matairi, taa, usukani, mikanda, vifuta maji, kizima moto. Haya si mambo madogo. Breki mbovu katika mteremko wa Mbulu huua siku hiyo hiyo, na mkaguzi anayeanza na breki ameanza panapostahili. Kuhusu moshi, hutegemea jicho: gari linalotoa wingu jeusi litasimamishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya hewa za mwaka 2007 zinatambua moshi wa magari kuwa uchafuzi, lakini sheria bila kipimo kando ya barabara hurudi kwenye jicho.

Na jicho halioni. Injini ya kisasa inayonyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa hutoa masizi membamba sana. Ikitolewa chujio, moshi wake mara nyingi hauonekani ila dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Hata mashine ya kupima weusi wa moshi, ambayo nchi nyingi zimeitumia kwa miaka, mara nyingi hulipitisha gari kama hilo.

Ulaya imelipata somo hili kwa gharama. Uingereza, tangu Februari 2014, ilimtaka mkaguzi wa mwaka atazame kama chujio lipo, na gari lililotengenezwa nalo likikutwa halina lifeli. Kumwendesha mtu gari lililobadilishwa hivyo barabarani kunaweza kumtoza faini ya hadi pauni 1,000, au 2,500 kwa gari la mizigo. Lakini kutazama kopo ni kutazama kopo. Tupu na zima hufanana kwa nje. Ndipo nchi kadhaa zikaacha kutazama na kuanza kuhesabu. Ubelgiji katika mwaka 2022, kisha Uholanzi, Uswisi na Ujerumani katika mwaka 2023, zilianza kuchomeka kwenye ekzosi kifaa kinachohesabu chembe injini ikinguruma taratibu. Ujerumani iliweka mpaka wa chembe 250,000 kwa kila sentimita ya ujazo. Chujio zima hukaa mbali chini ya hapo; kopo tupu hukamatwa kwa sekunde chache.

Jambo hilo lina upande wake kwetu. Gari linalofeli kwa wenzetu halizikwi, huuzwa. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalivushwa kutoka nchi moja hadi nyingine duniani, na zaidi ya nusu yalikuja Afrika. Katika mwaka huo huo ukaguzi wa serikali ya Uholanzi wa magari yaliyokuwa yakisubiri kusafirishwa kuja Afrika ulikuta mengine yameshatolewa vichocheo vya ekzosi. Mnunuzi wa Gehandu anaweza kulipia gari lililokwisha kukatwa kabla halijapanda meli.

Kwa hiyo stika kwenye kioo inasema kwamba gari linaweza kusimama likitakiwa kusimama. Haisemi lolote kuhusu kinachotoka nyuma yake. Kwa maoni yangu hatuhitaji kusubiri mashine za Ujerumani zifike kila kituo. Kungetosha kwa kuanzia kwamba mkaguzi wa magari yanayoingia nchini ajue ni aina zipi zilitengenezwa zikiwa na chujio, na aulize liko wapi.

Mabishano mawili ya haki

Msomaji atasema: barabara hii hii inapitwa na Fuso za miaka ya tisini na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambazo hazikuwahi kuwa na chujio tangu kiwandani. Kwa nini mnamwandama mwenye gari jipya? Ni kweli, na moshi wa Fuso iliyochoka nozeli ni mbaya kuliko wa gari lolote dogo. Magari hayo yatapunguza moshi kwa kusafishwa nozeli, kurekebishwa pampu ya dizeli na kubadilishwa chujio la hewa ambalo vumbi la kiangazi hulijaza kwa wiki chache. Lakini kuna tofauti kati ya gari lisilokuwa na kinga na gari lililovuliwa kinga. La kwanza litazeeka na kuondoka. La pili lilikuwa limekuja na nafuu, nasi tukaitupa jalalani.

Atasema pia: mke wangu na mama yangu wanapika kwa kuni ndani ya nyumba; moshi wa huko si zaidi? Ni zaidi, na daktari mkweli hawezi kukataa. Katika kaya nyingi za vijijini jiko la kuni ndilo chanzo kikubwa cha chembe kuliko barabara, na fedha ya kwanza ya kuokoa mapafu ya familia ikitumika kwenye jiko bora na dirisha la jikoni itakuwa imetumika vema. Ila pafu halina chumba cha moshi wa jikoni na chumba cha moshi wa gari. Mwanamke aliyevuta masizi tangu utotoni na sasa anakohoa akipanda kilima ndiye ambaye nyongeza ndogo humwumiza zaidi.

Afanye nini mwenye gari

Taa ya chujio ikiwaka kwa mara ya kwanza, mara nyingi si kifo cha chujio bali ni ombi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu na injini haina hitilafu nyingine, lipeleke gari kwenye barabara ya lami, mathalani ile ya Babati kwenda Singida inayopita Katesh, uliendeshe bila kusimama kwa nusu saa kwa mwendo wa kawaida wa barabara hiyo na gia isiyo ya juu kabisa, ili injini izunguke vizuri. Usilizime mpaka lipoe lenyewe kidogo, na usiliegeshe juu ya majani makavu. Taa ikibaki inawaka, au ikianza kumetameta, au gari likipoteza nguvu, usiendelee kujaribu. Sasa ni kazi ya fundi mwenye kompyuta inayoweza kuamuru usafishaji gari likiwa limesimama mahali pa wazi.

Muulize fundi huyo kwa nini limeziba kabla hujamwuliza bei. Nozeli inayovuja, oili inayopita kwenye pete za pistoni, au sensa iliyokufa huziba chujio jipya kwa miezi michache kama ilivyoziba la zamani. Hili ndilo kosa la anayekata: ameondoa kipima joto na kuiacha homa. Kama tatizo ni majivu, chujio hufunguliwa na kuoshwa kwa mashine maalumu mjini, na mara nyingi hurudi kazini kwa gharama iliyo chini sana ya jipya. Lisioshwe uani kwa mpira wa maji na kompresa. Masizi yakilowa yakaingia mferejini yamehama tu; yakikauka, upepo wa Hanang utayarudisha.

Na kwa anayenunua: nenda gari likiwa limepoa, kabla halijawashwa. Funga kitambaa cheupe kidoleni ukipitishe ndani ya mdomo wa ekzosi. Gari la dizeli lenye chujio zima, hata likiwa limetembea kilomita laki moja, huacha kitambaa karibu cheupe, pengine na vumbi la kijivu kavu. Kitambaa kikitoka cheusi kama chungu, chungulia chini utafute mshono mpya kwenye kopo. Kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi: katika magari mengi taa ya chujio huwaka kwa kitambo pamoja na taa nyingine, kisha ikazimika. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imenyamazishwa. Muulize muuzaji, na jibu lake lipunguze bei au likurudishe nyumbani na fedha yako.